Apdeti ikigoma, uliza kwanza imekwama wapi

Kila mtu akiingia kwa saiba yangu na simu imezima anasema kitu moja, "apdeti imeniharibia simu." Hata ile ilianguka kwa choo jana usiku ni apdeti. Mimi sibishani, nauliza tu, ilikwama wapi? Watu hawapendi hilo swali, wanaona nawazungusha, wanataka niseme ni pesa ngapi na itakuwa tayari saa ngapi. Lakini miaka yote nimekaa hapa Zimmerman, na kabla ya hapo nikiwa nimeandikwa kwa duka moja pale Luthuli, hakuna boksi ya kuflashi (ile ya kufuta simu na kuipiga mfumo upya) imenisaidia kama kujua apdeti ilifika wapi ndio ikagoma.

Juu apdeti si kitu moja. Kwanza inashuka kutoka kwa intaneti. Alafu mashine inaikagua ione kama kweli imetoka kwa mwenyewe na kama imefika ikiwa nzima. Alafu inafunguliwa na kuandikwa kwa diski. Hapo ndio mashine inazima na kuwaka ikiwa na mfumo mpya. Kila hatua iko na shida zake na haziingiliani sana. Mtu amekwama akidaunlodi, asilimia ishirini hivi, unamfutia simu yote ya nini? Na hiyo ndio inafanyika hapa tauni kila siku, simu inasumbua kidogo, fundi anasema "wacha tuiflashi tu", na picha za mtoto tangu azaliwe zimeenda.

Kwa kushuka ndio wengi wanakwama, na hapo hata fundi hahitajiki. Mtu ananunua bando ya saa moja akidhani hizo giga mbili zitaingia ndani ya hiyo saa, kumbe ni saa tatu usiku, ploti nzima iko kwa neti inaangalia mpira, saa inaisha apdeti iko nusu. Kawaida inaendelea kutoka pale iliachia ukirudisha neti, lakini mara ingine ile nusu inaharibika na kila ukijaribu inafika mia kwa mia alafu inasema haiwezi kuthibitisha. Kwa iPhone unaenda kwa orodha ya vitu vimejaza simu, unaitafuta hiyo apdeti hapo katikati ya apu zako, unaifuta, unadaunlodi upya. Kwa Windows iko folda inaitwa SoftwareDistribution ndani ya folda ya Windows, unasimamisha huduma ya apdeti kwanza (unafungua ile dirisha nyeusi ya amri, Command Prompt, kama msimamizi, unaandika net stop wuauserv, alafu net stop bits), unaibadilisha hiyo folda jina, unawasha huduma tena, mashine inajitengenezea ingine mpya. Hiyo peke yake imeokoa laptopu nyingi hapa kuliko kitu ingine yoyote naijua.

Kuna ile simu imeandika inangoja waifai na mwenyewe anakuapia ako kwa waifai. Ukiangalia unapata ni hotspoti ya rafiki. Simu ikitoa hotspoti inaambia wale wameunganishwa kwamba hii neti ni ya kulipia kwa kipimo, sasa ile simu ingine inaheshimu na inakataa kudaunlodi vitu vikubwa. Unafungua mipangilio ya hiyo waifai yenyewe, unaiambia ihesabiwe kama neti ya kawaida, na inaanza. Windows iko na swichi kama hiyo. Lakini ujue ukishafungua hapo kila kitu itaingia, hadi zile apu hujatumia tangu Krismasi, kwa hivyo ukimaliza rudisha ama utashangaa bando yako ilienda wapi. Sisi wa saiba iko kitu ingine tamu, ndani ya mipangilio ya apdeti ya Windows unaweza ruhusu mashine zigawiane apdeti zenyewe kwa neti ya ndani, moja ikishadaunlodi zingine zinachukua kwake. Wengi wenye saiba nimeongea nao hawajawahi fungua hiyo ukurasa.

Na tarehe! Hii watu hucheka nikiwaambia. Mashine inakagua vyeti vya usalama kwa kuangalia saa yake yenyewe, kama saa yake imesema ni mwaka 2015 basi kila cheti cha seva, yaani ile kompyuta ya mbali apdeti inatoka, kitaonekana ni cha uongo na hakuna kitu itakubali kushuka. Kwa desktopu na laptopu za zamani ni ile betri ndogo ya mviringo ya CR2032 kwa bodi imekufa, ukizima na kuchomoa stima saa inarudi nyuma. Betri yenyewe ni bei ya chapati na madondo. Kwa simu mara nyingi mkosaji ni mtoto. Wale watoto wa darasa la tatu wamejua kwamba ukisongesha tarehe mbele gemu inakupa maisha mapya, anasongesha simu ya mamake wiki mbili mbele, anacheza, anasahau kurudisha. Mama anakuja analia WhatsApp imekataa, apdeti imekataa, benki imekataa. Narudisha saa ijipange yenyewe kutoka kwa mtandao, kila kitu inafunguka, na huwa silipishi hiyo, ingawa kuna mmoja alinunulia watu wote soda hapo ndani.

Sasa wacha niwaambie kuhusu laptopu za ex-UK, juu hapa ndio niko na maneno mengi.

Nairobi nusu ya watu wanatumia laptopu zilizofanya kazi kwa ofisi ya mtu mwingine Ulaya. Sioni ubaya, ni mashine ngumu, bei iko sawa, mwanafunzi wa KU atanunua nini kingine? Shida ni kwamba zingine zinakuja na Windows ileile ya kampuni ya kwanza, muuzaji amefuta tu jina la mtumiaji na kuweka stika. Mwalimu mmoja wa primary kule Kahawa West aliniletea yake, i5 safi, kibodi inawaka taa, na haikuwa imepata apdeti tangu anunue. Alikuwa ameshaambiwa na mafundi tofauti kwamba Windows ni feki, apigiwe mpya, alipe. Yeye akakataa juu alikuwa na skimu za kazi na maksi za wanafunzi ndani na hakuwa anaamini mtu.

Nikafungua ukurasa wa apdeti, hapo juu kumeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mipangilio mingine inasimamiwa na shirika lako. Nikamwonyesha.

"Shirika gani tena? Mwajiri wangu ni TSC, kwani TSC wameingia kwa laptopu yangu?"

"Hapana mwalimu, hawa ni wa huko ilitoka."

Namba ya kosa ilikuwa 0x8024402C. Hiyo ukiitafuta maana yake ni kwamba mashine imeuliza jina la seva fulani na hakuna mtu amejibu hilo jina liko wapi. Sasa jiulize, seva za Microsoft zinaweza kosa jina aje na hapo hapo yeye anafungua Google vizuri? Nikaingia kwa rejista ya Windows, ile daftari inaweka mipangilio yake, kwa HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Policies, Microsoft, Windows, WindowsUpdate, na nikaikuta hapo, WUServer, na jina la seva ya ndani ya ofisi fulani linaloishia na local. Kampuni kubwa hufanya hivyo, hazitaki kila kompyuta ijidaunlodie, zinaweka seva moja ya ndani na kuambia mashine zote ziulize hapo. Yaani laptopu ilikuwa imehama Uingereza ikaja Kahawa West na kila siku bado inaenda kuangalia barua kwa sanduku la posta la kule ilitoka.

Nikahifadhi kopi ya hiyo sehemu ya rejista kwa flashi, nikaiondoa, nikazima na kuwasha huduma ya apdeti. Zikaanza kumiminika. Zilikuwa nyingi hadi mwalimu akaniachia akaenda kununua mboga akarudi bado zinashuka. Tangu hiyo siku, laptopu yoyote ya ex-UK nikishika naangalia hapo kabla sijaangalia kitu ingine, na nimeshakuta hiyo hadithi mara nyingi tu, wengine seva iko na jina la mji, wengine jina la hospitali huko. Lakini sikia, kama laptopu ni ya kazi yako, umepewa na mwajiri, usiguse hapo, hiyo sheria imewekwa na mtu wa IT kwa sababu zake. Na kama umenunua na kila ukiwasha mara ya kwanza inaitisha email ya kampuni usiyoijua, hapo hakuna rejista, irudishe kwa muuzaji mapema kabla risiti haijapotea.

Kuna pia zile Windows hazijalipiwa, zimeamshwa na programu za bure za kuruka leseni. Sitaki kuhubiria mtu, najua maisha ya Nairobi. Nasema tu kile nimeona, hizo programu nyingi zinazima huduma ya apdeti kabisa ama zinaandika majina ya seva za Microsoft kwa faili ya hosts (orodha mashine husoma kujua jina la seva liko wapi) ndio mashine isiweze kuzifikia. Kwa hivyo mtu analalamika apdeti haiji, na yeye mwenyewe ndio aliweka programu ya kuifunga.

Tuje kwa nafasi. Memori imejaa, hiyo kila mtu anaijua, simu ya giga 16 na grupu za chama, za kanisa, za ukoo, kila asubuhi picha za maua zimeandikwa habari ya asubuhi na video za mahubiri. Apdeti ya mfumo inahitaji mahali pa kukaa ikiwa imefungwa na mahali pa kukaa ikifunguliwa, kwa hivyo ile nafasi simu inaitisha si uongo wa kukufanya ununue simu kubwa. Ingia ndani ya WhatsApp yenyewe kwa sehemu ya hifadhi, panga kutoka kubwa kwenda ndogo, futa video zilizotumwa mara nyingi, kwa dakika chache giga kadhaa zimerudi. Kwa Windows namba ya kosa ya nafasi ni 0x80070070. Zile laptopu ndogo za wanafunzi zenye diski ya giga 32 iliyobandikwa kwa bodi ni mateso, hata ukifuta kila kitu Windows yenyewe imejaza, na ukitaka kupandisha toleo kubwa inabidi uchomeke flashi yenye nafasi ndio itumie hiyo kama uwanja wa kufanyia kazi. Inakubali, haijulikani sana lakini inakubali.

Lakini nafasi pia inaweza kukudanganya. Januari 2024 kulikuwa na apdeti ya Windows 10 inaitwa KB5034441 ilikuwa inagoma kwa watu dunia nzima na namba 0x80070643. Watu walifuta picha, wakafuta muvi, wengine wakanunua diski kubwa, na diski yao kuu, ile ya C, iko na giga mia mbili bure. Shida haikuwa kwa C. Kuna kipande kidogo cha diski kimefichwa, patisheni ya rikavari, ndio Windows hutumia kujiokoa ikikataa kuwaka, na hiyo apdeti ilikuwa inataka nafasi ya ziada ya megabaiti 250 hapo ndani. Patisheni yenyewe kwa mashine nyingi ilitengenezwa ndogo tangu mwanzo. Dawa rasmi ilikuwa kupunguza C kidogo na kuitengeneza upya kwa mkono, kazi ya amri za diskpart ambayo mtu akikosea herufi moja anafuta vitu vingine. Wateja wangu wengi niliwaambia tuache, mashine inafanya kazi, apdeti zingine za kila mwezi zinaingia, hiyo nyekundu moja itakaa hapo. Si kila apdeti imegoma lazima upigane nayo.

Kama imeshuka, nafasi iko, na bado inagoma ikiandikwa, hapo faili za Windows zenyewe zimeharibika, mara nyingi juu ya stima kupotea ama diski kuzeeka. Unafungua ile dirisha nyeusi kama msimamizi, unaandika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza ndio unaandika sfc /scannow. Mpangilio huo uufuate juu sfc hurekebisha kwa kutumia akiba ya faili ambayo DISM ndio huisafisha, ukianza na sfc na akiba ni mbovu unarekebisha ubovu na ubovu. DISM huchukua faili mpya kutoka kwa intaneti kwa hivyo isikwame hapo katikati uanze kusema imehengi, hiyo ni bando. Na kosa likianza na 0xC1900101 wakati unapandisha toleo kubwa, hiyo ni draiva (programu ndogo ya kuendesha kifaa) karibu kila wakati. Chomoa printa, chomoa modemu ya zamani, chomoa kila kitu kwa USB, ondoa antivairasi ya kuongezwa, jaribu tena.

Stima sasa. Hapa hakuna mtu wa Nairobi nitamweleza. Laptopu ya ex-UK betri imekufa, iko kwa ukuta kama desktopu, Windows imeandika usizime kompyuta, na mtaa mzima unaingia giza, unasikia watu wakipiga kelele kutoka floo ya tano. Habari njema ni kwamba Windows imetengenezwa ikijua hii inafanyika, mara nyingi ikiwaka inaandika inatengua mabadiliko na inarudi ilipokuwa. Tabu ni kwamba kutengua kwa diski ya zamani ya kuzunguka kunaweza maliza masaa, mtu anaona ni ileile asilimia tangu lunchi, anashikilia kitufe cha pawa anaizima, na sasa ameikata katikati ya kujiokoa. Kabla ushike hicho kitufe angalia kale ka-taa kadogo ka diski. Kama kanawaka wakawaka hata kwa kuchechemea, mashine inafanya kazi, enda ukapike. Kama kamenyamaza kabisa kwa masaa na feni pia imetulia, hapo ndio tunaweza ongea.

Tofauti ni apdeti ya BIOS. Siku hizi zinakuja kupitia apdeti za kawaida za Windows na mtu hajui hata ni nini, anaona tu mashine imewaka na skrini ya ajabu na mstari unasonga. Hiyo usiikate, juu hiyo ndio inaamsha mashine kabla Windows haijaamka. Laptopu nyingi zitakataa kuianza kama chaja haiko ama betri iko chini, na watu wanaona ni usumbufu. Kama imeshakatika na laptopu ni HP, kabla hujatafuta mtu wa kutoa chipu, jaribu hii, izime kabisa, weka chaja, shikilia kitufe cha Windows na B pamoja alafu ubonyeze pawa sekunde mbili tatu ukiwa bado umevishikilia. HP nyingi zina kopi ya BIOS imehifadhiwa na zinajirudishia zenyewe, skrini inaweza kaa nyeusi kwanza na mlio kadhaa, ngoja.

Simu ikikataa kuwaka baada ya apdeti, inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo, hapo ndio watu wanalia kweli, na kitu ya kwanza mama yeyote ananiuliza ni pesa yangu ya M-Pesa? Nawaambia, pesa haiko kwa simu, iko kwa akaunti ya laini yako, toa laini weka kwa simu ya jirani uangalie salio. Uso unabadilika hapo hapo, na sasa tunaweza fanya kazi bila haraka.

Android kutoka toleo la 7 la mwaka 2016 ilianza kuruhusu simu ziwe na sehemu mbili za mfumo, A na B. Apdeti inaandikwa kwa ile hutumii, ukizima na kuwasha simu inaruka kwa ile mpya, na ikikataa kuwaka mara kadhaa inarudi kwa ya zamani yenyewe. Ndio maana simu zingine ukiziacha zizunguke kwa nembo kidogo zinapona bila mtu kuzigusa. Si zote, za bei ya chini nyingi ziliendelea na mtindo wa zamani kwa miaka. Kwa hizo na zingine kama Samsung unaingia rikavari, ile menyu ya kuokoa simu, kwa vitufe vya sauti na pawa, na hapo kuna maneno mawili yanafanana na watu wanachanganya, kufuta keshi na kufuta data. Keshi futa bila wasiwasi, picha hazimo hapo. Data ndio kila kitu chako.

Na ukifuta data kuna ukuta mwingine unakungoja. Tangu Android 5.1 simu ikifutwa kwa njia hiyo ya vitufe inaitisha ile akaunti ya Google ilikuwa ndani. Sasa Nairobi email ya watu wengi ilitengenezwa na yule dada wa dukani siku ya kununua simu, akaweka paswadi anayoijua yeye, mwenye simu hata hajui kama ako na email. Nauliza, "mum, email yako ni gani?" ananijibu, "niandikie tu yako." Kwa hivyo kabla sijagusa kitu yoyote kwa simu inayowaka, hata kama amekuja juu ya kitu ingine, namsaidia ajue email yake na paswadi yake, tunaandika nyuma ya kadi ya kliniki ama popote atakapoiona.

iPhone nayo iko na tabia yake na inaumiza watu wa neti pole. Ikikataa baada ya apdeti unaichomeka kwa kompyuta, kwa iPhone 8 kwenda juu unabonyeza sauti juu na kuachia, sauti chini na kuachia, alafu unashikilia kitufe cha pembeni hadi uone picha ya kebo, usiachie ukiona tufaha. Kompyuta inakupa vitufe viwili, Update na Restore. Cha kwanza kinaweka mfumo upya bila kugusa vitu vyako, cha pili kinafuta. Watu wanabonyeza cha pili juu wanaona hiyo ndio inaonekana ya nguvu. Sasa, ukichagua Update kompyuta inaanza kudaunlodi giga kadhaa, na simu yenyewe ikikaa zaidi ya dakika 15 inatoka kwa hiyo hali na kurudi kwa kuzunguka, mtu anaona imefeli, anakata, anaanza upya, anazunguka hivyo hadi anakubali kufuta. Usikate. Wacha kompyuta imalize kudaunlodi hata kama simu imetoka, alafu rudia vile vitufe, sasa faili iko tayari kwa kompyuta na inaingia mara moja. Kuna kijana wa Roysambu alikuja akiwa ameshakubali kupoteza picha za harusi, tulingoja tu.

Laptopu mpya kidogo nazo zina hii skrini ya bluu ya BitLocker, kufuli ya Windows ya kufunga diski, inaitisha namba ya tarakimu 48. Apdeti ya BIOS ama mabadiliko fulani ya kuwaka yanaweza kuileta, na Windows 11 toleo la 24H2 inafunga diski yenyewe kwa mashine nyingi ukiiweka upya na akaunti ya Microsoft, mwenyewe hata hajui imefungwa. Namba kawaida iko ndani ya hiyo akaunti, unaingia kwa simu ya mtu, aka.ms/myrecoverykey, unaisoma. Mnakumbuka ile Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 ndege zikakwama dunia nzima juu ya faili moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama? Microsoft walisema ni kompyuta kama milioni 8.5. Dawa yenyewe ilikuwa rahisi, unaingia hali salama, unafuta faili inayoanza na C-00000291, unawasha. Kilichochelewesha watu siku nyingi ni kwamba lazima mtu aende kwa kila mashine na mikono yake, na nyingi zilikuwa zimefungwa na hizo namba za tarakimu 48 na hakuna mtu anajua ziko wapi. Kama kampuni za IT zilikwama hapo, wewe wa Kasarani skrinishoti hiyo namba leo uiweke mahali si kwa hiyo hiyo laptopu.

Windows 10 ilimaliza muda wake wa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hapa bado ndio inaendesha mtaa. Ex-UK nyingi ni prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba na Windows 11 inataka cha nane kwenda juu na ile chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hivyo mtu anajaribu kupandisha inakataa, anadhani ni kosa. Si kosa, ni mlango umefungwa. Kuna njia za kuruka hiyo ukaguzi na watu wananiuliza nizifanye, mimi hufanyia mtu aliyeelewa tu kwamba apdeti kubwa ya mwaka ujao inaweza kataa tena. Kwa wengine nawasajili kwa ile nyongeza ya apdeti za usalama inayoenda hadi 13 Oktoba 2026, lakini inataka uwe kwa toleo la 22H2, lile la mwisho la Windows 10, kwanza, na hapo ndio unagundua laptopu imekaa kwa toleo la 2019 bila mtu kujua, tunarudi mwanzo kabisa, bando, nafasi, tarehe, seva ya Uingereza.

Mashine zangu mwenyewe za saiba wiki za mwisho za Juni nazisimamisha apdeti zote, Windows inakuruhusu hadi siku 35. Watu wanafaili ushuru kwa KRA hadi tarehe 30 usiku, foleni iko hadi kwa ngazi, si wakati wa mashine kuamua kuzima yenyewe. Julai ikiingia naachilia moja kwanza, ile imeshikilia printa. Hii niliianza baada ya apdeti za Septemba 2021, zile za kuziba shimo la usalama kwa huduma ya kuprinti, ambapo printa za kushirikiana zilikataa kwa ofisi nyingi na namba 0x0000011b, mara nyingi juu mashine moja ilikuwa imepata apdeti na ingine bado, na zikawa hazielewani. Kwa hivyo naiachilia hiyo ya printa, kisha hii ya karibu na mlango, nachapa ukurasa kutoka hii kwenda ile, rangi na nyeusi, naskani kitambulisho cha mtu, nafungua kurasa za serikali, iTax na eCitizen. Zikikubali zote, jioni nikifunga nafungulia zile zingine zishushiane usiku, na nahakikisha tokeni za stima zitafika asubuhi.